Kadi Zilizokufa Saa Sita Mchana

Naomba nianze kwa kukiri kwamba mimi, Mkuu wa Kitengo cha Utambuzi wa Wafanyakazi wa Bandari, sikugundua kuwa kadi zilizoanza kazi kwa pamoja zingekufa kwa pamoja. Jambo lenyewe liko wazi. Lakini kitengo chetu kilijaa wasomi, na hakuna msomi anayependa kukutwa akishughulika na mambo yaliyo wazi.

Miaka miwili kabla ya siku ninayoisimulia, Mkurugenzi Mkuu alitangaza mbele ya bendi ya matarumbeta kwamba zama za kujuana kwa sura zimekwisha. "Kuanzia leo," alisema, "mtu ni kadi yake." Saa sita kamili mchana akabonyeza kitufe, na kadi za bandari nzima, kila moja ya miaka miwili, zikaanza kufanya kazi: za makuli, za madereva wa malori, za walinzi, za wapishi wa kantini, na yake mwenyewe. Bila kadi lango halifunguki, na kreni hainyanyui hata kikombe. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Wiki moja kabla ya kilele cha sherehe za miaka miwili, aliingia ofisini kwangu dereva wa kreni kubwa, mwanamke ambaye makuli walimpachika jina la Mwewe kwa sababu alishinda angani akiwatazama.

"Habari za kazi, bosi. Kadi yangu inaisha wiki ijayo. Nimekuja kuihuisha mapema."

"Bado inafanya kazi?"

"Inafanya, tena vizuri."

"Basi, dada yangu, hatuwezi kuigusa. Kwa mujibu wa kifungu cha nne, huduma ya kuhuisha hutolewa kwa kadi iliyokufa. Yako ni nzima. Huwezi kumlaza wodini asiyeumwa."

"Na ikishakufa?"

"Utaleta maombi. Yatashughulikiwa ndani ya wiki tatu."

"Na hizo wiki tatu nitaingiaje kazini?"

"Hutaingia. Hutakuwa na kadi."

Akanitazama kama mtu anayesoma kibao kilichobandikwa juu chini.

"Bosi, kampuni imeshatuambia: ukikosa siku moja, kiti chako anapewa mwingine. Wadogo zangu watatu wanasoma kwa kiti hicho. Mama ni mimi, baba ni mimi."

Nilimpa pole, kama mwongozo wa huduma kwa mteja unavyoelekeza, kisha nikamwonyesha mlango. Alipofika hapo akageuka.

"Na kadi ya Mkurugenzi inaisha lini?"

"Hayo ni mambo ya ngazi nyingine, dada yangu," nikamjibu, nikaendelea na kazi.

Siku ya kilele Mkurugenzi hakutaka jukwaa. Alitaka ainuliwe juu ya bandari ndani ya kizimba cha chuma, akiwa na tai yake, ili akunjue bango lenye maneno MIAKA MIWILI BILA MTU ASIYEJULIKANA. Kreni iliyofaa ilikuwa ya Mwewe. Akamnyanyua taratibu, matarumbeta yakilia. Saa sita kamili Mkurugenzi akavuta kamba, bango likakunjuka, na kreni ikasimama.

Si kreni peke yake. Lango lilijifunga. Magari ya kubebea makontena yakazimika yalipokuwa. Matarumbeta yakafifia moja moja.

"Mwewe, shusha mtu huyo!" kuli mmoja akapaza sauti.

"Nishushe vipi? Mtambo unasema haunijui!"

"Mkuu wa Kitengo!" sauti ya Mkurugenzi ikatufikia kutoka juu. "Kuna nini?"

"Mheshimiwa, kadi zimekufa," nilijibu kwa adabu yote inayowezekana kwa mtu anayepiga kelele. "Zote. Utaratibu umefuatwa."

"Basi mhuishie dereva yake!"

"Panahitajika kidole chako, mheshimiwa, kwenye mashine ya ofisini. Na mashine haitakipokea, kwa kuwa kadi yako nayo ni marehemu. Itabidi kwanza uwasilishe maombi."

"Kwa nani?"

"Kwako, mheshimiwa."

Upepo ulikuwa ukikizungusha kizimba, hivyo jibu lake lote lilielekea baharini.

"Wee Mwewe," akaita yule kuli, "si una breki ya mkono humo ya kumteremshia?"

"Ninayo. Lakini mimi sasa sijulikani. Kifungu cha tisa kinasema asiyejulikana akigusa mtambo, pingu. Na mimi nimeshafundishwa kwamba vifungu havichezewi. Au siyo, bosi?"

Nilithibitisha kwamba ndivyo.

"Mimi nakujua, binti yangu!" Mkurugenzi akalia. "Nakujua vizuri sana!"

"Mimi ni nani, mzee?"

Kizimba kikazunguka mzunguko mzima.

"Wewe ni… dereva!"

Makuli walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwewe akamgeukia mlinzi wa lango. "Na wewe, kaka, unanijua?"

"Nisikujue kwa nini? Wewe si Mwewe, binti wa yule fundi nanga? Mdogo wako wa mwisho ana meno ya sungura, na anakula kuliko sisi wote!"

"Umesikia, mzee? Basi naomba mambo mawili. Kadi ihuishwe ingali hai, siku ileile mtu anapoomba. Na anayesubiri kadi, wenzake wakimtambua, aingie kazini."

"Tutaunda kamati!" Mkurugenzi akajibu kwa mazoea.

"Ikutanie hukohuko uliko?"

Upepo ukaongezeka. "Andika!" akaniamuru. Nikaandika nyuma ya ratiba ya sherehe, nikiwa nimeiegemeza kwenye ngoma kubwa ya bendi, kisha nikalisoma agizo kwa sauti. Mkurugenzi akapendekeza tuongeze maneno "kwa kadiri itakavyowezekana".

"Sawa," akasema Mwewe. "Nami nitakushusha kwa kadiri itakavyowezekana."

Maneno hayo yakafutwa. Mwewe akalegeza breki, akamshusha polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Mkurugenzi akatia saini, akanyoosha tai, akaelekea langoni ili aingie ofisini. Mlinzi akamzuia.

"Kadi yako imekufa, mzee."

"Agizo nimeshalitia saini! Si wenzangu wananitambua?"

"Ndiyo maana nauliza." Mlinzi akawageukia makuli. "Jamani, huyu mnamjua?"

Makuli wakatazamana. Mwishowe Mwewe, aliyekuwa akishuka ngazi ya kreni, akasema, "Mimi namjua. Ni yule wa kwenye kizimba. Mruhusu."

Siku hizi kadi huhuishwa ingali hai, siku ileile inapoombwa. Mwewe bado yuko kwenye kreni yake. Mkurugenzi husimama langoni kila asubuhi na kuwauliza wafanyakazi majina yao.