Bastola ya Mchezo na Jicho la Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada anahama. Kapata kazi ya kuendesha kreni, mradi mkubwa, mbali. Jumamosi anakuja kuniaga. Anataka tupige shabaha kwenye mashine ya mchezo wa bastola aliyotuachia Baba, kama zamani. Kama zamani! Zamani alinichapa kila siku ya Mungu. Baba alisema dada ana jicho la mwewe, mimi nina jicho la kuku jioni.

Safari hii hapana.

Mashine ipo hapa kwenye ukumbi wangu wa michezo ya video, nyuma ya zile mpya. Picha safi. Bastola zimekufa tangu tulipobadilisha kioo. Nimempigia Fundi. Kasema keshokutwa. Kasema nisiguse kitu.

Jumanne, 4 Machi

Nimegusa. Kulikuwa na nyaya mbili zinaning'inia tu, zinatia huruma. Nikaziunga nilipoona panafaa. Picha ikaanza kuporomoka, ikachanika katikati. Kinyozi wa jirani akachungulia, akauliza kama nimefungua duka la dobi, picha inavyozunguka kama nguo. Mtu anayekata watu masikio!

Jumatano, 5 Machi

Fundi kaja. Mama mkali, miwani kwenye ncha ya pua. Kauliza nani kafanya uharibifu huu. Nikasema panya. Kasema panya huyo ana bisibisi.

Kanieleza taratibu, kama mtoto. Picha huchorwa mstari kwa mstari, toka juu hadi chini, upesi kuliko jicho. Bastola inaona mwanga tu. Lazima ipewe ishara mchoro umeanza lini, ndipo ijue imeelekezwa wapi. Zile nyaya ndizo zinazotoa ishara kwenye kioo: mmoja kila mstari unapoanza, mwingine kila picha inapoanza. Nilikuwa nimezipishanisha. Akazirudisha mahali pake. Paa! Chupa ya kwanza kwenye picha chali.

Kuna skrubu ndogo ya kuwahisha au kuchelewesha ishara. Kaipanga, kasema basi, imekaa sawa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeizungusha kidogo. Udadisi tu. Risasi zote zikahamia kulia, kiganja kizima!

Nilikaa chini. Wazo kama hili halimjii mtu mara mbili. Anayejua, analenga kushoto na kupata. Asiyejua, anakosa mpaka basi. Nimefanya mazoezi kutwa, wateja nimewafukuza. Kinyozi kajaribu, kakosa zote, kasema mashine mbovu. Nikamwambia mbaya wa ngoma husingizia uwanja. Utamu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimemshinda dada.

Alikuja na gauni lake la safari, amechangamka. Akashika bastola kwa mikono miwili, kama Baba alivyomfundisha. Akakosa. Akacheka. Akakosa tena. Mimi chupa zinalia tu, paa, paa. Nikarukaruka. Nikazunguka ukumbi mikono juu. Nilipogeuka, alikuwa anaiweka bastola mezani polepole, kama kitu cha kuvunjika.

Akaniambia jicho lake la kulia lina ukungu tangu mwezi uliopita. Daktari kasema ni uchovu, litapona. Hakumwamini. Akajiambia atakuja kujipima kwangu: akinishinda, yuko salama. Sasa amejua. Kreni inanyanyua vyuma juu ya vichwa vya watu, kasema, na hawezi kubeba roho za watu kwa jicho la kubahatisha. Atapiga simu aiache kazi. Kashukuru kwamba aliyeona aibu yake ni mimi, ndugu yake, si mgeni.

Nilifungua mdomo. Nikasema: pole, dada, umri hauna dawa.

Umri hauna dawa! Mimi!

Jumapili, 9 Machi

Sikula. Nimekwenda kwake. Shemeji kasema amelala, kitambaa cha maji machoni. Nikaingia hivyo hivyo, nikasema mashine ilikuwa na hitilafu. Dada kasema nisimhurumie, mbona mimi nilikuwa napata? Ndipo nikamwaga yote. Skrubu, kiganja, mazoezi ya kutwa.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alitoa kitambaa, akanitazama sana, akauliza kama nilifurahi. Nikasema ndiyo, mpaka alipoweka bastola mezani.

Simu alikwishaipiga jana. Nafasi wamempa mtu mwingine.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kairudisha skrubu ilipokuwa, bila kuniuliza lolote. Dada kaja, kapiga duru moja. Hakubakiza chupa hata moja. Jicho la mwewe lilelile! Kinyozi akapiga makofi. Dada hakutabasamu. Akachukua mkoba wake. Mlangoni akaniomba kitu kimoja tu, kwa heshima ya marehemu Baba: nisijaribu kumsaidia.

Nimefuta vumbi kwenye mashine mara kadhaa. Haikuwa na vumbi.

Jumanne, 11 Machi

Nimetafakari usiku kucha. Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Namba ya bosi wa mradi ninayo. Nimeipata kwa shemeji bila yeye kujua. Nitampigia kesho kama daktari bingwa wa macho, nimwambie jicho la dada ni zima. Nimeijaribu sauti nzito, inatisha kidogo. Kinyozi amekubali kukohoa nyuma yangu kama wagonjwa kwenye foleni.

Hii si kusaidia. Ni simu tu.