Mazoezi ya Baba Mkali

Jumatatu, 4 Agosti

Baba Mkali ni mimi. Mama Généreuse hajajua bado, lakini ni mimi.

Nieleze vizuri, maana iko siku watu watataka kujua mambo yalianzaje. Parokia yetu itaonyesha mchezo tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria. Ndani yake Baba Mkali anaposewa binti yake. Anawakatalia wajumbe, anawakatalia tena, mwishowe analegea na kunywa pombe yao. Ukumbi mzima unalia. Mama Généreuse, kiongozi wa kikundi chetu, ana watu wawili wa nafasi hiyo: mimi na Baharanyi. Ataamua wiki ijayo.

Baharanyi! Wakati wa Pasaka aliniibia nafasi ya Pilato. Mimi nikapewa kazi ya kumshikia beseni la kunawia mikono. Na beseni lenyewe lilitoka dukani kwangu, mtaa wa Birere.

Huyo huyo ana kijana, Éphraïm, fundi wa kuchomelea milango, anayemtaka binti yangu Daniella. Mara mbili wametuma watu kuposa. Mara mbili nimewarudisha, hata maji hawakunywa. Nimeapa kwamba nikiwa hai, mtoto wangu haingii nyumba ya Pilato. Daniella alilia. Mke wangu Katungu alimfuta machozi huku ananitazama mimi.

Sasa niambieni: kuwakatalia wajumbe, nani ananishinda?

Jumatano, 6 Agosti

Nimeanza mazoezi nyumbani. Si rahisi. Watoto wako likizo, wamejaa kila kona. Katungu anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kila nikisema kwa sauti nzito kwamba binti simtoi, mchi unajibu pu. Wajumbe wangu ni mashati yaliyoanikwa uani. Nimeyafukuza vizuri sana.

Jirani yetu Mushagalusa amechungulia juu ya ukuta wa mawe ya volkano akauliza nagombana na nani. Huyu mzee miaka yote anakitamani kile kipande cha kiwanja chetu kilicho upande wake, kwa hiyo huchungulia mara kwa mara. Nimemweleza mambo ya sanaa. Amesema niongeze sauti.

Tatizo ni kikombe. Kunywa kikombe kitupu, koo linajua. Nimejaribu maji, nikaonekana kama mtu anayemeza dawa ya minyoo. Katungu amecheka mpaka akakaa chini.

Lakini kichwa changu hakilali. Sanaa inataka ukweli. Jumamosi nitafanya mazoezi na kasiksi halisi, ile pombe ya ndizi yenyewe, na mbuzi halisi, mbele ya watu halisi. Baharanyi ataigizia wapi baada ya hapo?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemwambia Katungu. Nilijiandaa kwa vita, maana huyu ni mwanamke anayeweza kulalamikia nusu kikombe cha mafuta. Ajabu! Amesema ni wazo zuri, nimwachie yeye kila kitu. Tena ameshamwalika Mama Généreuse aje aone.

Jioni tumekula sambaza, dagaa wabichi kutoka soko la Kituku, wamekaangwa hadi wakakauka kama ninavyopenda. Daniella amenipigia pasi shati bila kuombwa, huku anaimba. Familia yangu imeanza kuelewa sanaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Katungu ameleta habari. Baharanyi anaomba kuja kwangu kesho aigize mjumbe wa posa. Yaani amekubali kwamba baba ni mimi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kumbe Baharanyi ni mshindani. Nimemruhusu.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yangu kubwa.

Asubuhi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliingia uani na madumu ya kasiksi. Juu ya madumu, mbuzi amefungwa miguu, anatazama watu kwa dharau. Baharanyi ndiye aliyegharimia. Watu walikuwa wengi kuliko misa ya kwanza. Mushagalusa alipita mlangoni safari hii. Kaka yangu mkubwa, ambaye hata ubatizo wa watoto wangu hajawahi kuhudhuria, alikuja amevaa koti. Nilimuuliza nani alimwambia habari za mchezo. Akasema yeye hana habari za mchezo, amekuja kwa mambo ya ukoo. Nilifurahi sana. Hata yeye alikuwa ameshaingia katika nafasi yake!

Baharanyi alianza vizuri, kisha akasahau maneno, maskini. Akawa anasema mambo ambayo hayamo kabisa katika mchezo: kwamba mimi na yeye tumekosana kwa vitu vidogo, kwamba watoto wasilipie, kwamba Éphraïm ni kijana wa kazi. Nilimhurumia, nikaendelea kama msanii. Nilikataa. Nikakataa tena mpaka kuku wakakimbilia chooni.

Ndipo akaitwa binti, kama desturi inavyotaka. Daniella alitoka na shangazi yake, amejifunga kitenge kipya. Nikashika kikombe, nikauliza kama baba zetu walivyouliza:

“Mutoto wangu, hii pombe nikunywe?”

Mchezo unasema ajibu akiwa amesimama. Yeye akapiga magoti, akanishika miguu, akasema, “Kunywa, papa.” Alikuwa analia. Machozi ya kweli, na sikuwa nimemfundisha. Nilimkumbuka akiwa mdogo, amekaa ndani ya beseni la buluu pale dukani, anawasalimia wateja. Nampenda sana mtoto huyu. Nikanywa. Nikamaliza kikombe chote.

Vigelegele vilidumu muda mrefu. Nani amewahi kupigiwa vigelegele namna hiyo kwenye mazoezi?

Jumapili, 10 Agosti

Mbuzi bado yupo.

Baada ya misa Baharanyi amenikumbatia mbele ya kila mtu na kuniita mukwe. Nimemwambia mazoezi yamekwisha, aje achukue mbuzi wake. Amecheka, akaniuliza harusi tuionyeshe mwezi gani.

Nimekwenda kwa Mushagalusa aje kunishuhudia kwamba ule ulikuwa mchezo. Amenikaribisha kiti. Akasema yeye aliona mbuzi, aliona wakubwa wa ukoo, alisikia binti ameulizwa na amejibu, akaniona nimekunywa hadi tone la mwisho.

“Pombe haina repetition, haina mazoezi, papa Daniella,” akasema.

Nyumbani nimewaka. Katungu amenisikiliza akimaliza kuchambua mchele. Akasema nilitaka ukweli, na yeye kanitafutia. Nilikuwa na maneno mengine makali, nimeyapanga tangu njiani. Daniella akaleta chai. Tangu Pasaka sijamwona anacheka hivyo. Nikanywa chai.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Généreuse ameamua. Baba Mkali ni Baharanyi. Eti Jumamosi nililegea haraka mno, na Baba Mkali wa kweli angesita zaidi.

Mimi nimepewa kushika mbuzi. Mbuzi mwenyewe ni wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mchezo umepita. Nilishika mbuzi kwa nguvu ya ajabu. Alipiga kelele mahali pazuri na watu wakapiga makofi. Naamini sehemu ya makofi hayo ilikuwa yangu. Daniella na Éphraïm walikaa mstari wa mbele, na nimekubali kwamba kijana ana adabu.

Nimetafakari kwa makini nilikosea wapi. Nimepata jibu. Niliigiza mchezo wa mtu mwingine. Kwa Noeli nitaandika wangu: mzee anauza kiwanja chake, kisha anajuta. Majuto nayaweza sana.

Mushagalusa amekubali kuwa mnunuzi hata kabla sijamaliza kueleza. Ametoa na mawazo: ataleta mashahidi wa kweli, na chef, yaani mkuu wa mtaa, pamoja na muhuri wake. Anasema sahihi nayo iwe ya kweli, maana mtu akiweka sahihi ya uongo mkono unajua. Mwishowe nimepata jirani anayeelewa sanaa.

Kimebaki kitu kimoja tu. Katungu amehamisha hati za kiwanja na hataki kusema amezificha wapi. Chini ya godoro hazipo. Kesho akienda misa nitaangalia ndani ya gunia la maharagwe.