Barabara Iliyokubali Kupinda

Siku alipogundua jinsi mji unavyoendeshwa, Kizibao alikuwa amesimama mlangoni kwa kinyozi, amekwisha kunyolewa, akisubiri atokee mtu wa kumlipia. Jina hilo la Kizibao lilikuwa bado halijampata, lakini tulitumie tangu sasa ili tusije tukapotezana njiani.

Upande wa pili wa barabara, kibarua wa baraza la mji, aliyevaa kizibao cha manjano kinachong'aa, alichovya brashi katika kopo la rangi nyekundu, akachora X kubwa kwenye ukuta wa ghala, akaondoka. Mwenye ghala alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Hakuuliza kibarua yule ametumwa na nani. Hakudai kitambulisho. Alimfuata kwa adabu kama mtu anayefuata jeneza, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mkubwa, tunasaidianaje?"

Kizibao alisahau nywele na deni lake. Alikuwa ameona serikali nzima ya mji ikitembea kwa miguu, na mtaji wake ulikuwa brashi.

Naye alikuwa na haja kubwa. Kwa miaka mingi alikuwa akilala sebuleni kwa dada yake, juu ya sofa lililonunuliwa kwa ajili ya wageni, mpaka wageni wakaacha kuja. Asubuhi hiyohiyo shemeji yake, mtu mpole asiyependa ugomvi, alimwambia wakinywa chai:

"Shemeji, sofa nimelipatia mteja."

"Na mimi je?"

"Wewe bado sijakupatia."

Kesho yake Kizibao alinunua kizibao cha manjano mtumbani kwa mkopo, akaazima futi ya kupimia kwa fundi seremala, kisha akachagua mtaa wa maduka ambao haukuwa mbali sana na mji wala karibu sana na polisi. Alisimama katikati ya njia akatazama juu kwa muda mrefu, kwa kuwa kila mpimaji mwenye sifa hutazama mbingu kabla ya kutazama ardhi. Baada ya hapo akachora X kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi.

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Misumari kwa sababu alipima misumari pamoja na boksi lake, alitoka akiwa tayari amekunja uso wa mtu aliyefiwa.

"Mkubwa, karibu kiti. Ni barabara?"

"Ni barabara."

"Pana?"

"Maendeleo, mzee wangu, hayapiti kwa ubavu."

Misumari akavuta pumzi. "Na haiwezi kupinda kidogo?"

"Barabara ni kitu cha kitaalamu. Ikipinda, lazima ipindie mahali. Na mahali palipobaki ni pale tu." Kizibao akaelekeza futi yake kwenye duka la magodoro lililokuwa mkabala.

"Pale ni kwa mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

"Pole sana. Basi tuiache ilivyo."

"Sijasema isipinde," alisema Misumari. "Nimekueleza tu ni kwa nani, usije ukakosea mlango."

Haki ilitendeka upesi. X ilifutwa kwa Misumari ikachorwa kwa mdogo wake, na mdogo mtu, alipoelezwa kwamba uamuzi haukuwa wa mwisho, aliuliza kwa utulivu kama mpimaji ameona kwamba kaka yake ana jiko na stoo nyuma, maana itakuwa vizuri barabara ikichukua vyote. Ikachukua vyote. Misumari akairudisha. Haikupita muda mrefu barabara ile, ambayo haikuwapo duniani, ikawa imekwenda huku na huku kuliko mlevi, na kila kona yake ilikuwa imelipiwa. Ndugu wale waliendelea kusalimiana kila asubuhi kwa upendo uleule.

Mwisho wa mtaa palikuwa na nyumba ya kona: vyumba vitatu, baraza ya sakafu nyekundu, na bati lisilovuja. Aliyeimiliki alikuwa mjane aliyefahamika kwa jina la Mama Kona. Kizibao alimkuta barazani aking'oa vifungo kwenye shati kuukuu, na X ya ukutani kwake ilikuwa bado mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunibomolea?"

"Si mimi, mama. Ni baraza la mji."

"Sina cha kukupa. Na magoti haya hayapandi ngazi za ofisi zenu. Lakini niambie kweli, kama mtoto kwa mama yake. Itabomolewa?"

"Itabomolewa."

"Yote?"

"Mpaka msingi."

Mama Kona aliweka kifungo kinywani, akafikiri, akakitoa. "Basi atakayenipa chochote kabla ya hilo tingatinga, aichukue."

Kizibao alitazama chini ili macho yake yasimsaliti. Nyumba nzuri, kwa bei ya kifusi, kwa sababu ya barabara aliyoitengeneza yeye mwenyewe kwa brashi. Aliona kitanda chake kikiwa chumba cha mbele. Aliona shemeji yake akija kutembea, akikaribishwa kwenye mkeka.

"Mama," alisema kwa sauti nzito, "nitakusaidia mimi."

"Wewe? Ununue nyumba unayojua inavunjwa?"

"Nitauza matofali. Na huruma nayo imenishika."

"Huruma yako inafika bei gani?"

Ilifika mbali kuliko alivyokusudia. Kila alipotaja bei, mama yule alikumbuka kitu: mara matofali ni ya kuchoma, mara milango ni ya mninga, mara marehemu mumewe alipiga plasta ile kwa mkono wake mwenyewe. Barabara yote ya Misumari na mdogo wake iliingia katika bei hiyo, pamoja na futi ya fundi seremala. Walipofika mbele ya wakili, Mama Kona aliomba jambo moja tu.

"Mwambie na wakili ulichoniambia mimi, asije akadhani nimekuficha kitu."

"Nyumba itabomolewa na baraza la mji," Kizibao alisema, "nami naelewa, na sitamdai."

Wakili alimtazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayecheka peke yake, kisha akagonga muhuri.

Siku ya kuhama, shemeji alimbebea begi mwenyewe, kwa haraka ambayo dada mtu alisema hajapata kuiona tangu harusi. Kizibao aliipaka nyumba chokaa juu ya X, akatundika pazia, akalala usingizi wa mtu mwenye mlango wake. Kwa muda wa wiki moja alikuwa raia mwema. Alianza hata kulalamikia takataka.

Kisha likaja tingatinga. Mbele yake alitembea mhandisi mwenye kizibao cha manjano ambacho hakikununuliwa mtumbani. Hakutazama juu.

"Wewe ndiye mwenye nyumba? Toa vyombo."

"Mkubwa," alisema Kizibao, na maneno yalimtoka yenyewe, "tunasaidianaje?"

"Kwa vyombo vizito vijana wangu watakusaidia."

"Nani ameamua nyumba hii ivunjwe?"

"Madiwani, mwaka jana. Barabara inapanuliwa hapa kwenye kona, basi. Nyumba hii ilijengwa ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo haina fidia. Kikao kilikuwa cha wazi, wananchi wana viti vyao mule ukumbini. Siku ile alikuja mwananchi mmoja tu, mama mmoja wa magoti mabaya. Aliuliza maswali mazuri sana."

Kizibao alifungua kinywa ili alalamike kwamba ametapeliwa, akaona ni malalamiko ambayo yangehitaji maelezo marefu. Akaingia ndani kutoa begi lake. Tingatinga likafanya kazi yake, mpaka msingi.

Alimkuta Mama Kona mtaa wa tatu, katika nyumba mpya yenye vyumba vingi kuliko ile, akikagua rangi ya dirisha.

"Mama, ulijua."

"Nilijua nini, mwanangu? Mtu wa baraza la mji ulikuwa wewe. Wewe ndiye uliyeniambia itabomolewa, nikakuamini. Au ulinidanganya?"

Kizibao alilipima swali hilo kila upande. Halikuwa na mlango. Katika shughuli zake zote za mtaa ule alikuwa amesema neno moja la kweli, tena mbele ya wakili. Aliketi juu ya begi lake.

"Sofa limekwisha kuuzwa," alisema, ingawa hakuulizwa.

"Nyuma kuna chumba kidogo. Nakipangisha. Kodi mbele."

Alikitazama chumba, akatazama ukuta, akatazama barabara iliyopita karibu na ukuta huo kuliko alivyopenda.

"Na hii, mama, haimo kwenye hifadhi?"

"Madiwani wanakaa Alhamisi," alijibu Mama Kona, akirudi kwenye dirisha lake. "Nenda ukasikilize. Viti ni vya bure, na kuna feni."