Maksai Wanne na Boti ya Sentimita Sabini na Mbili

Jamani, leo uso wangu nimeuacha lamboni. Naandika haraka haraka kabla mke wangu hajaanza kuwapigia simu, maana akisimulia yeye itakuwa mbaya zaidi. (Ingawa sijui mbaya zaidi ya hii inafananaje.)

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi wa mota. Nasuka upya mota za makarasha kule Mwakitolyo, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kutwa nzima ni kelele na vumbi. Nikirudi nyumbani Nyahanga, hapa Kahama, starehe yangu ni moja tu: naunda boti. Zile ndogo za mfano, zinakuja kwenye boksi zikiwa vipande vipande, unagundisha, unapiga msasa, unapaka rangi, unafunga mota na betri, halafu unaiendesha kwa rimoti ukiwa umesimama nchi kavu.

Ndiyo, nina miaka arobaini na moja. Tuendelee.

Boti ya safari hii imenichukua miezi mitatu. Boti ya mashindano, ya buluu na mstari mweupe, pua kali, na ndani kuna dereva wa plastiki mwenye kofia ngumu. Nimepiga msasa mpaka alama za vidole zimenitoka. Ubavuni nimeandika jina la binti yangu, NEEMA, kwa brashi ya nywele tatu. Urefu ni sentimita sabini na mbili. Kumbukeni hiyo namba, kwa sababu ndiyo kesi yenyewe.

Sasa, nina baba mkwe. Mzee Luhende, mfugaji, mwenyekiti wa kamati ya lambo, bwawa la kunyweshea mifugo, kijijini kwao. Kwa miaka tisa ya ndoa hajawahi kuniita mwanangu. Mume wa shemeji yangu, mwenye ng'ombe, anaitwa mwanangu. Muuza mbegu akipita anaitwa mwanangu! Mimi naitwa "yule fundi". Inaniuma, sifichi. Kila nikienda ukweni nasikiliza kama leo ndiyo leo, na leo haijawahi kuwa leo.

Mwezi uliopita kanipigia simu. Tukasalimiana, tukaulizana mvua, halafu akauliza, "Siku hizi unafanya nini ukitoka kazini?"

"Naunda boti, baba."

Mzee akalirudia neno kama analionja.

"Boti? Ya kasia?"

"Hapana baba, ya mota. Ya mwendo kasi."

"Unaiunda mwenyewe? Kwa mikono yako?"

"Tangu mbao ya kwanza mpaka rangi."

Mzee akavuta pumzi. Akasema, "Ikiisha uilete hapa lamboni tuione." Sauti ilikuwa na heshima! Heshima yangu mimi! Ningemwambia saa ile kwamba boti inaenea mezani? Sikusema uongo hata neno moja. Niliacha tu kutaja urefu. (Mkinipeleka baraza la kata nitajitetea hivyo hivyo.)

Leo asubuhi mke wangu, Mama Neema, ambaye alitangulia kwao tangu juzi, kanipigia. "Umemwambia baba kwamba ni ndogo?"

"Ataiona."

"Baba Neema! Umemwambia au hujamwambia?"

"Mtandao unasumbua," nikasema, nikakata. Nikavaa suruali ya kitambaa, mpya, iliyonyooshwa mpaka mstari wake unakata nyanya, maana ukweni hauendi hivi hivi. Nikafunga boksi nyuma ya pikipiki, nikaondoka.

Mzee alinisubiri njia panda ya kuingia kijijini. Alivaa koti. Jua lote lile, koti! Nyuma yake wamesimama wazee wanne wa kamati. Na nyuma ya kamati nikaona kitu kilichonifanya nizime pikipiki.

Mkokoteni. Ule mkubwa wa kubebea pamba. Umefungwa maksai wanne, jozi mbili, wamevalishwa nira. Juu yake kuna kamba nene mizunguko miwili na turubai jipya. Aliyeshika mjeledi ni Masanja, katibu wa kamati.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mwangaluka, karibu." Baada ya salamu hiyo ya Kisukuma, Mzee akaangalia barabarani nyuma yangu. Akaangalia tena. "Lori liko wapi?"

"Lori gani, baba?"

"Lililoleta boti. Maksai hawa wako tayari kuivuta mpaka majini. Turubai ni la kuifunika, rangi isiunguzwe na jua."

Jamani. Nilitamani niwashe pikipiki nirudi Nyahanga bila kusema kwaheri. Nikashusha boksi. Nikafungua. Nikaitoa boti, nikaishika kwa mikono miwili kama mtoto anayepelekwa kubatizwa.

"Ndiyo hii, baba."

Wazee wakasogea. Maksai mmoja akapiga chafya. Mzee Luhende akainama, akamtazama yule dereva wa plastiki kwa muda mrefu.

"Na huyu ndiye abiria?"

"Dereva, baba."

"Mmh," akasema Mzee. Halafu akawageukia wenzake. "Kamati nzima nimeiambia tutavuka na boti kwenda ng'ambo kuangalia tuta lililobomoka." Alisema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniua. Masanja akauliza kama awafungue maksai. Mzee akasema waacheni, wameshafungwa.

Tukaenda lamboni kwa mguu. Mbele mimi na boti yangu, nyuma mkokoteni mtupu unapiga kelele kokoto kokoto njia nzima.

Lakini subirini, msinizike bado. Kwa sababu mimi boti yangu naijua. Nikawasha rimoti kwanza, ndipo nikawasha boti (ukikosea huo mpangilio inakukimbia). Nikaiweka majini, nikabonyeza.

Ikaondoka!

Pua juu, maji yanaruka nyuma, sauti yake kali inasikika mpaka ng'ambo. Nikaikatisha kona. Nikaizungusha namba nane. Bata maji wakakimbia. Wazee wa kamati wakaanza kupiga makofi, Masanja akarusha kofia. Mzee Luhende akavua koti! Akasogea karibu yangu, akasema, "Kumbe ina nguvu hivi. Na hii mota umeifunga wewe?"

"Mimi mwenyewe, baba."

"Kwa kweli, mwa..." Naapa alianza kulisema. Lilikuwa mdomoni. Mimi kwa kiherehere changu nikataka kulisindikiza neno lile kwa mbwembwe moja ya mwisho, nikaipeleka boti katikati kabisa ya lambo kwa kasi yote.

Ikaingia kwenye magugu. Ikakohoa. Ikasimama.

Nikabonyeza mbele, kimya. Nikabonyeza nyuma, kimya. Magugu yamejisokota kwenye propela, na hakuna upepo wa kuirudisha.

"Inapumzika?" akauliza Mzee.

"Imenasa, baba."

Tukaitazama wote. Miezi yangu mitatu inaelea kule na jina la mwanangu ubavuni. Mzee akasema, "Sasa itabidi tutafute boti ya kwenda kuichukua boti."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Basi nikaamua. Maji ya lambo msimu huu ni ya kifuani tu. Wanawake wote wako nyumbani wanapika, hapa ni wanaume watupu. Na suruali ni mpya. Nikaivua, nikaitundika kwenye mti wa miiba, nikaingia majini na shati na bukta. Bukta yenyewe ni ya mitumba, ya njano, ina picha za mananasi. (Mnaniuliza kwa nini? Nani alijua kutakuwa na maonyesho?)

Nikafika. Nikaizima boti, nikang'oa magugu, nikaikumbatia, nikageuka kurudi kishujaa. Hapo ndipo nikasikia vigelegele.

Mzee, alipokuwa bado anaamini inakuja boti ya kweli, alikuwa ameagiza nyumbani kwamba wakisikia muungurumo waje kuipokea. Na walisikia muungurumo. Wanakuja, kina mama wapatao ishirini, sufuria kichwani, wanaimba. Mbele yao kabisa, amejifunga kitenge kipya, mama mkwe wangu.

Kwa msiooa Usukumani niwaeleze. Mama mkwe hapa humkodolei macho. Hamli chombo kimoja. Mkikutana njiani mmoja anapisha. Miaka tisa mama yule hajawahi kuniona hata nimekunja mikono ya shati. Na mimi nina mananasi.

Nikachuchumaa. Maji yakafika shingoni.

"Shikamoo mama!" nikasema kutoka majini, kwa sababu adabu ni adabu.

"Marahaba, Baba Neema," akajibu huku akiangalia pembeni kwa heshima. "Mbona umekaa majini?"

"Naangalia... kina, mama."

"Haya. Tunakusubiri hapa hapa." Na wakakaa! Wakatandika mikeka kando ya ule mti wa miiba, sufuria zikapangwa. Mama Neema alikuwa miongoni mwao. Aliniona shingo. Akaiona suruali mtini. Akajifunika uso kwa khanga, na mabega yakaanza kutikisika. Huyo ndiye niliyemuoa.

Nilikaa. Sijui dakika ngapi. Halafu kitu laini kikajibandika pajani. Kikavuta. Ruba!

Nikamkonyeza Mzee Luhende kwa macho yote mawili. Mzee, nitamsifu mpaka nakufa, akaelewa mara moja. Akajinyoosha, akatangaza kwa sauti ya mwenyekiti, "Masanja! Ingiza mkokoteni tuitoe boti!" Akapita kwenye mti wa miiba, akaifunika suruali yangu kwa koti lake, akavitupa vyote ndani ya mkokoteni. Maksai wanne wakaingia majini. Masanja akaugeuza mkokoteni ukanikinga, nikapanda kwa nyuma na boti yangu, nikalala chali, turubai likashuka juu yangu. Ruba nikamng'oa humo humo.

Mpango ulikuwa mzuri sana. Ninajifunika, ninavaa suruali njiani, tunafika nyumbani, nashuka mtu mzima.

Tatizo ni moja. Jaribuni kuvaa suruali ya kitambaa mkiwa mmelowa, mmelala chali, gizani, boti iko tumboni, na mkokoteni unapanda tuta. Mguu wa kulia uliingia. Wa kushoto ukaingia huo huo wa kulia. Nikauchomoa. Nikaanza upya.

Mkokoteni ukasimama.

Nikasikia vigelegele karibu sana. Kisha sauti ya mama mkwe, ina furaha ya kweli, "Baba mwenyekiti, kumbe ndiyo hii! Mmeifunika kwa nini? Boti ya mkwe wangu mimi ndiye wa kuifunua!"

"Mama, ngoja kwanza..." akasema Mzee.

Hakungoja.

Turubai likaondoka kwa mkupuo mmoja. Jua likaingia. Wanawake ishirini wakachungulia. Na mimi niko pale, chali, magugu kichwani, mguu mmoja umevaa, mguu mwingine hewani, mananasi yote yanaonekana, na juu ya tumbo kuna boti yenye dereva wa plastiki anayewatazama.

Kigelegele kikakatika katikati.

"Mayu wane!" akasema mama mkwe, yaani mama yangu mzazi weee. Akaachia turubai, akageuka, akatoka mbio. Sijawahi kuona mtu wa umri ule anakimbia vile. Sufuria la wali akaliacha. Yule dereva wa plastiki ndiye pekee aliyekuwa na kofia ya kujifichia.

Chakula nimekilia nyumba ya uani, peke yangu, nimeangalia ukuta. Nikajua imekwisha, sasa hata "yule fundi" sitaitwa tena.

Mara Mama Neema akaingia, macho mekundu kwa kicheko, kabeba doti ya khanga mpya. "Mama amekupa. Anasema, mpe mwanangu, siku nyingine akija kuogelea ajifunge."

Mwanangu!

Sijakaa sawa, Mzee Luhende akachungulia mlangoni na boti yangu mkononi. Alikuwa ameshaifuta tope kwa koti lake. "Mwanangu," akasema, na yeye pia, hivi hivi tu, kama amekuwa akilisema siku zote, "ukija tena usijisumbue kuleta boti kubwa. Hii inatosha. Ila ulete suruali mbili."

Kwa hiyo nimepata nilichokitafuta miaka tisa, na boti nimeiacha kwake, kaniahidi atawasha rimoti kwanza. Ninachowaomba nyie ni kimoja. Tukikutana Kahama mjini msiniulize boti yangu inabeba watu wangapi. Haijabeba mtu. Leo mimi na boti tumebebwa sote wawili na maksai wanne.