Helikopta, Kanga na Jina Langu

Jumapili, 15 Aprili 2012

Ushindi! Nimerusha helikopta yangu ya rimoti sekunde kumi na moja katika upepo mkali, nyuma ya maghorofa yetu hapa Anderlecht, ughaibuni. Sekunde ya kumi na mbili ilikuwa juu ya mti, lakini hiyo haihesabiki. Jirani yangu Sylvestre, Mkongomani wa Bukavu mwenye helikopta kubwa ya kifahari, hakuthubutu kutoa yake kwenye sanduku. Akatikisa kichwa, akiniita mjomba kwa Kifaransa chake: non, tonton, ule upepo iko mukali, itavunjika tu. Mwoga. Ana mfuko maalumu wa kupimia upepo, ameutundika mtini. Ulikuwa umelala sambamba na ardhi, umetulia kabisa, na bado aliogopa!

Mama mkwe alikuwa dirishani. Yuko kwetu mwezi wa pili sasa, ametoka Tanga. Alimwuliza mke wangu Nusura kama huyu wako hana kazi ya kufanya.

Huyu wako! Miaka sita ya ndoa, hajawahi kutamka jina langu. Inaniuma, naandika wazi. Jumanne ya wiki ijayo anaondoka. Kabla hajaondoka, ataniita kwa jina langu, Waziri.

Jumanne, 17 Aprili

Mpango tayari. Jumapili tunamuaga Mama kwa biriani uwanjani. Mkwe hutoa kanga, ndiyo ada. Lakini kila mkwe hutoa kwa mkono! Yangu itashuka kutoka angani, itue mabegani mwake taratibu. Hata huko Tanga hawajaona.

Tatizo dogo: upepo unaipeperusha helikopta kama karatasi. Dawa ni uzito. Nimeifunga vijiko viwili vya chai kwa selotepu. Sasa upepo hauisogezi hata inchi. Kupaa pia haipai. Lakini nimepiga hatua.

Nusura ameulizia vijiko. Nimesema sijui.

Ijumaa, 20 Aprili

Nimetoa vijiko. Mbinu mpya: pua ya helikopta ielekee upepo unakotoka. Kaniambia Sylvestre mwenyewe. Alidhani ananionya, kumbe ananifundisha! Leo ilisimama hewani dakika nzima. Kisha ikarudi kinyumenyume hadi roshani ya Alphonsine, mama wa ghorofa ya tatu, ikatua kwenye mashuka aliyoanika. Amesema maneno mengi kwa Kifaransa. Mengine naamini yalikuwa pongezi.

Kanga nimeichukua kwenye sanduku la Nusura. Doti mpya, haijawahi kuvaliwa. Nyekundu, maana nyekundu huonekana mbali. Nimeikunja harakaharaka kabla mwenyewe hajaingia chumbani.

Jumapili, 22 Aprili

Siku kubwa! Utabiri: upepo kilomita hamsini kwa saa. Sylvestre alinishika mkono: tonton, kwa jina la Mungu, pas aujourd'hui, si leo. Wivu huo.

Watu thelathini. Sufuria mbili za biriani. Mama kwenye kiti cha heshima. Helikopta ikapaa, kipande kimoja cha kanga kikining'inia. Pua upeponi, kama nilivyojizoeza. Nilitaka kulia kwa furaha. Mara upepo ukaidaka kanga, ikakunjuka yote, ikatanda mbele ya wageni kama ubao wa shuleni. Na sisi tumezoea. Kanga ikikunjuliwa, lazima tusome. Tukasoma, wengine kwa sauti: SIKUKUITA, UMEJILETA.

Sasa nakumbuka. Nusura aliinunua zamani kwa ajili ya jirani mmoja mgomvi, wakapatana kabla hajaivaa.

Hata watoto waliacha kutafuna. Nikavuta rimoti kushoto, helikopta ikaenda kulia. Kanga ikachomoka, ikamfunika Mama gubigubi. Helikopta ikazama kwenye biriani. Na kutoka chini ya kanga ikaja sauti ambayo nadhani ilisikika hadi stesheni ya Gare du Midi: Waziri! Waziri bin Amissi!

Kwa jina! Na la baba yangu juu yake!

Jumatatu, 23 Aprili

Nusura hasemi nami. Mama hanyamazi. Waziri, wewe ulisoma shule gani? Waziri, hebu niondokee hapa. Waziri, nipe chumvi. Hadi adhuhuri nimehesabu mara kumi na nne.

Jioni nimemsikia akiongea na dada yake kwa simu. Alikuwa akisimulia na kucheka hadi akapaliwa. Waziri wetu huyu, alisema, akili hana, lakini kanga yangu imekuja kwa ndege. Waziri wetu! Nilikwenda kukaa kwenye ngazi, machozi yakanitoka, na sioni aibu kuyaandika.

Sylvestre alinikuta hapo. Bon, akasema, sasa tonton umejifunza. Nimejifunza sana! Kosa lilikuwa helikopta, ndogo mno. Yake ni kubwa mara tatu, kesho asubuhi yuko kazini, na ufunguo wake wa akiba ninao mimi.

Mama anapanda teksi saa nne. Utabiri unasema upepo kilomita sabini. Nikifanya vizuri, huenda akaniita mwanangu. Doti ina vipande viwili, na kimoja bado nimekificha kabatini.