Jinsi Ninavyolinda Mafao ya Mke Wangu

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Bati limetoboka mahali papya, juu ya mto wangu. Ndoo tatu chumbani. Jovina hana wasiwasi: kiinua mgongo chake kinaingia Ijumaa ya wiki ijayo, na mwezi hautaisha kabla hatujapata paa. Changu, miaka minne iliyopita, kiliishia kwenye bwawa la kambale. Nyumbani hatulizungumzii hilo. Linatajwa tu.

Kilichonichoma ni kingine. Juzi kwenye jumuiya, Leonardi wa nyumba ya pili alisimama akatufundisha habari za matapeli wanaotumia majina ya wastaafu kuwaibia mafao. Leonardi alikuwa dereva wa wizara. Mimi nilikaa masijala miaka thelathini na moja nikitunza mafaili ya siri. Jovina alimpigia makofi, halafu akamwomba ushauri. Mbele yangu!

Jioni nimemwomba Jovina namba yake ya siri nimtunzie. Amekataa. Ndoa ya miaka thelathini na nne. Nimekula kwa hasira, nikaongeza mara mbili.

Jumanne, 6 Mei

Nimepata mbinu. Nitajifanya tapeli, nimjaribu Jovina. Akinasa, atajua anamhitaji nani.

Tapeli lazima awe na laini ngeni. Nimeteremka mpaka kituo cha daladala Boko kwa Hope, dada anayesajili laini chini ya mwavuli. Ana adabu sana. Shikamoo mbili kabla sijakaa. Nimetaja namba ya kitambulisho cha taifa, nikaweka dole gumba kwenye kile kimashine. Hakijasoma. Nimeweka tena. Hakijasoma. Mara ya tatu kikasoma. Hope akasema vidole vya watu waliofanya kazi kubwa serikalini huwa vimelika, ndiyo maana mashine inasumbua. Binti mwenye macho. Nimemwachia chenji.

Jumatano, 7 Mei

Nimeandika ujumbe chooni, nimeurudia mara nne. Nauhifadhi hapa:

"YAH: KUZUIWA KWA MAFAO YAKO. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi inasikitika kukujulisha kuwa mafao yako yamezuiwa. Unatakiwa kutuma namba ya kitambulisho na namba ya siri bila kukosa. Nakutakia kazi njema."

Nimetuma. Nikarudi sebuleni, nikajikingia gazeti usoni. Jovina akasoma simu, akanitazama, akaendelea kuchambua mchele. Baada ya robo saa likaja jibu: nimwulize mume wake, yeye ndiye anayejua kila kitu.

Nimefurahi siku nzima. Sijui kama amefaulu mtihani au amefeli.

Alhamisi, 8 Mei

Nimetuma ujumbe uleule kwa Leonardi. Huyu akinasa, nitausoma mbele ya jumuiya yote Jumamosi.

Hakunasa. Ameuweka kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya na kuandika kwamba tapeli ameingia Boko. Ili nisishukiwe, nimekuwa wa kwanza kuchangia. Nimeandika kwamba mtu huyo ni aibu kwa taifa, asakwe, akamatwe, asionewe huruma.

Dakika tano baadaye Leonardi akaeleza kwamba amejifanya anatuma shilingi mia kwenye namba ile, na kabla hajathibitisha, simu imemwonyesha jina la mwenye laini. Akaliweka hapo kwa herufi kubwa. POLIKARPO ANSELMO RWEYEMAMU.

Sikujua simu zinafanya hivyo. Mtu angeniambia.

Jumamosi, 10 Mei

Nimeitwa ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti, Mama Yustina, alikaa na polisi kata. Leonardi alikaa pembeni na shati la kanisani, kama shahidi wa harusi.

Nikaeleza kwamba lilikuwa jaribio la kifamilia. Polisi kata akachukua simu yangu, akabonyeza namba fulani, tukaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu. Ninazozijua ni mbili. Zilikuwa nne. Moja ya hizo nisizozijua, akasema, ilitumika wiki hii hii kumlaghai mama muuza nyanya wa Tandale. Alipigiwa simu akaambiwa amepata ruzuku, akataja namba yake ya siri, akaunti ikabaki tupu.

Yale madole matatu. Hope alisajili laini moja kwa kila dole, moja yangu na mbili zake.

Nikasema kwa sauti ya masijala kwamba mimi ni mtu mwaminifu. Hakuna aliyeandika. Ndipo Jovina akaingia, na mwavuli unachuruzika maji. Akawasalimia wote, akaomba asomewe ule ujumbe. Mama Yustina akausoma kwa sauti, kuanzia Yah mpaka kazi njema. Jovina akauliza ni tapeli gani nchi hii anaanza wizi na kichwa cha habari. Alijua ni mimi kabla hajafika mstari wa pili. Polisi kata aligeukia ukutani, mabega yakamtikisika. Leonardi alicheka mpaka akatoa leso.

Aliyempigia mama wa Tandale ana sauti ya kike, hilo limenisaidia. Nimeandika maelezo, laini zimefungwa. Hope anatafutwa. Pale kituo cha daladala limebaki jiwe tu alilokuwa akishikilia nalo mwavuli. Polisi kata ameniagiza nisiweke tena dole gumba langu mahali nisipopajua.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa nikamwuliza Jovina kwa nini Leonardi na si mimi. Hakukasirika, hilo ndilo baya. Akasema matapeli wote wa Dar hawamtishi kama mimi ninapoanza kumsaidia. Akasema amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita, watoto tisini chumba kimoja, koo limekwisha, na hana miaka mingine ya kuzifanyia kazi hela hizi upya.

Imeniuma, kwa sababu ni kweli. Nikatoka nikasimama uani mpaka mvua ikaniondoa.

Jumatano, 14 Mei

Siku njema sana. Saa nne asubuhi nimepigiwa na ofisa wa kitengo cha kulinda mafao. Kijana mwenye lugha safi. Alinitaja majina yote matatu bila kuuliza, nikajua ni mtu wa serikali. Akasema fedha za mke wangu ziko hatarini, na mume ndiye anayetakiwa kuhakiki taarifa zake. Hatimaye ofisi moja nchini inajua utaratibu.

Nilikuwa makini. Kama angeomba dole gumba ningekata simu. Hakuomba. Alitaka maneno tu.

Tarehe ya kuzaliwa ya Jovina: nikasema kumi na mbili Agosti. Akasema mfumo umekataa. Nikajaribu Septemba. Umekataa. Nikaomba tujaribu Juni. Akauliza jina la mama yake mzazi. Nikasema Mama Mkwe. Akataka jina kamili. Nikamweleza kwamba mama mkwe hatajwi jina, na mimi sijawahi kulitaja wala kuliuliza tangu nilipopeleka barua ya posa. Namba ya mtumishi? Ilikuwa na saba ndani yake.

Kisha akasema, "Mzee, kwani huyo mkeo unaishi naye kweli?" Akakata simu.

Nimeaibika mbele ya serikali. Kijana wa watu amepoteza dakika arobaini kwa ajili ya familia yangu. Kesho asubuhi Jovina anakwenda Tegeta kuulizia bei ya bati, na vyeti vyake vyote viko kwenye begi jeusi juu ya kabati. Nitavitoa, nitavaa miwani, nitampigia mwenyewe na kumsomea kila kitu taratibu, ukurasa kwa ukurasa.