Chupa za Jumanne

Ekow Bentsil alimwona mzungu mmoja pale Elmina akilipia chupa kuukuu ya pombe ya jini iliyookotwa ufukweni, imegandwa na tope na magamba ya chaza, kwa bei ya mbuzi mzima. Muuzaji alipotaka kuisafisha kwanza, mzungu nusura alie. Ekow akaduwaa. Kumbe mali ni uchafu! Na uchafu, Mungu mwema, hauna mwenyewe.

Tatizo lilikuwa mtaji. Mkewe, Aba, alikuwa Takoradi kwa dada yake aliyejifungua, arudi Ijumaa, na cherehani yake ilikuwa imekaa tu nyumbani. Ekow akaiuza. Hakuiuza kwa ubaya. Aliiuza kwa matumaini, akijiapiza kuikomboa kabla mwenyewe hajashuka kwenye gari. Akanunua chupa tupu za jini, mpya kabisa, akazizika kwenye tope la Benya, hori la mji huo, kisha akazibandika magamba kwa gundi.

Moja tu ilikuwa ya kweli. Aliiokota mchangani nyuma ya ngome kuukuu ya mji baada ya dhoruba: ya pembe nne, shingo upande, kongwe kuliko babu wa babu yake. Hiyo aliiweka juu kabisa ya kreti, iwe chambo.

Windo lake lilikuwa Maame Baaba, mwenye nyumba mpya ya wageni, aliyehamia kutoka Kumasi na bangili za dhahabu karibu zifike kiwiko. Mtu wa bara huyo, Ekow alijiambia, na kwa watu wa bara maneno yake yalikuwa yamekwisha kunolewa. Akamweleza habari za meli iliyozama zamani, mtumbwi wa kuazima, na pumzi aliyobana hadi masikio yakavuma. Maame Baaba alisikiliza huku akinywa chai.

"Na wavuvi wote hawa, hakuna aliyekuona?"

"Nani anione, mama? Nilikwenda Jumanne. Bahari nzima ilikuwa yangu."

Maame Baaba akaweka kikombe chini.

"Jumanne bahari inapumzika," alisema, safari hii kwa Kifante cha pwani, cha mtoto aliyezaliwa Elmina. "Ni mwiko, hakuna mtumbwi unaoingia. Wewe umeingia. Kaka yangu ndiye mkuu wa wavuvi hapa, mwanangu. Nimpigie simu, au utampigia mwenyewe?"

 Faini yake Ekow aliijua: kondoo, kreti la chupa za jini zilizojaa, na mpiga mbiu kuzunguka mitaa yote akilitaja jina lake. Aba angepata habari kabla hajafika stendi, na baada ya habari hiyo angeiulizia cherehani.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwa na uzoefu nalo: akasema ukweli, tena kupita kiasi. Chupa zote ni feki. Baharini hajaingia. Hata kuogelea hajui.

"Nithibitishie," alisema Maame Baaba, akamsogezea beseni, sabuni na mchanga.

Ekow alisugua mpaka vidole vikanywea. Magamba yalibanduka, tope likatoka, na chini ya kila chupa ikachomoza nembo ya kiwanda pamoja na mwaka huu huu. Maame Baaba alijipepea, akizisifia jinsi zinavyong'aa. Mwisho ikabaki ile ya pembe nne.

"Na hiyo?"

Ekow aliitazama kwa uchungu wa kweli. Akisema ni ya zamani, imetoka wapi kama si baharini? Mchangani? Nani angemwamini leo?

"Feki, mama. Naapa. Hiyo ndiyo feki kuliko zote."

"Basi usijisumbue kuiosha," alisema Maame Baaba, akaipokea kwa mikono miwili, taratibu, tope lake lisidondoke. Akamlipa bei ya chupa tupu ya kutilia mawese na kumsindikiza hadi langoni.

Ijumaa Aba alirudi, akakuta cherehani haipo. Hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Ekow zaidi. Alimtwika tu kreti la chupa zile kichwani, na tangu hapo mumewe anazunguka sokoni akiwauzia wanawake wa mawese chupa safi, mojamoja.

Ile nyingine imo kabatini kwa Maame Baaba, na uchafu wake wote. Wageni wakiuliza, huwasimulia kijana jasiri aliyebana pumzi hadi masikio yakavuma. Hadithi ni ya Ekow neno kwa neno, ila kwa Maame Baaba kijana aliingia majini Jumatano.